Mwandishi au Mtunzi? Kiswahili, Muziki wa Anga na Ushairi wa Wamarekani Weusi

Utangulizi

Mjadala wa ushairi katika idara zetu za Kiswahili umekuwa ukizunguka mti mmoja kwa miaka mingi. Upande huu wamesimama wanamapokeo, na Sheria za Kutunga Mashairi za Kaluta Amri Abedi (1954) mkononi. Upande ule wamesimama wanamabadiliko, wakiinua Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974). Vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi, au ni minyororo? Nimeusoma mjadala huo tangu mwaka wa kwanza, nimeujibu kwenye mitihani, na sina nia ya kumchosha msomaji kwa kuurudia hapa. Ninachotaka ni kumtoa msomaji nje ya uwanja huo kidogo, hadi Marekani, kwa watu waliokutana na swali letu hilohilo la shairi na muziki kwa njia nyingine kabisa. Na la kushangaza ni kwamba baadhi yao walilibeba swali hilo kwa maneno ya Kiswahili.

Nazungumzia mkondo wa sanaa unaoitwa Afrofuturizimu. Jina hili lilitolewa mwaka 1993 na mhakiki wa Kimarekani, Mark Dery, katika mahojiano yake na mwandishi wa riwaya Samuel Delany, mhakiki wa muziki Greg Tate na mwanazuoni Tricia Rose. Dery, ambaye yeye mwenyewe ni mweupe, aliuliza hivi: watu ambao historia yao ilifutwa kwa makusudi wanawezaje kuiwazia kesho yao? Jina basi ni la 1993, lakini kitu chenyewe ni cha zamani zaidi, na kwa sehemu kubwa kilizaliwa kwenye muziki kabla hakijahamia kwenye kurasa za diwani.

Makala haya yana hoja tatu. Kwanza, safari ya anga iliyomo katika muziki huu si kuukimbia uhalisia. Ni kumbukumbu ya meli ya watumwa. Pili, Kiswahili kiliingia humo si kama lugha ya mababu bali kama lugha ya kesho. Tatu, washairi wa leo walioupokea urithi huu vizuri wamekopa mbinu yake, hawakukopa mapambo.

Safina ya Sun Ra

Tuanze na mtu aliyedai kuwa hakuzaliwa duniani. Nyaraka zinasema alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1914, akaitwa Herman Poole Blount. Huo ulikuwa mji wa ubaguzi wa rangi wa waziwazi. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, alikataa kwenda jeshini na akatiwa jela. Vita vilipokwisha alihamia Chicago, na mwaka 1952 akabadilisha jina lake kisheria kuwa Le Sony'r Ra. Dunia ikamjua kama Sun Ra. Tangu hapo msimamo wake ulikuwa mmoja: eti yeye ametoka sayari ya Zohali, na ametumwa.

Bendi yake aliiita Arkestra. Sikiliza vizuri neno hilo: ndani yake mna okestra, lakini mna pia safina, ile ya Nuhu. Yeye na rafiki yake Alton Abraham walianzisha kampuni yao ndogo ya kutoa sahani za santuri, El Saturn, katika miaka ya 50, wakati ambapo ilikuwa nadra kwa mwanamuziki mweusi kumiliki kazi yake mwenyewe. Sun Ra alikuwa pia mshairi. Mashairi yake yaliingia katika Black Fire, mkusanyiko mkubwa uliohaririwa na LeRoi Jones na Larry Neal mwaka 1968. Mwaka 1971 alifundisha kozi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuhusu mtu mweusi na ulimwengu wa sayari.

Sasa, msomaji aliyekulia katika uhakiki wetu wa kitabaka atauliza: huu si ndio ule utoro wa kifasihi tulioonywa nao? Watu wanapigwa virungu mitaani, yeye anahubiri Zohali! Swali ni halali. Lakini tuitazame historia ya chombo chenyewe. Watumwa wa Marekani waliimba nyimbo za kiroho kuhusu gari la farasi litakaloshuka kutoka mbinguni kuwachukua nyumbani. Mwaka 1975 George Clinton na kundi lake la Parliament walitoa albamu ya Mothership Connection, na ndani ya wimbo unaobeba jina la albamu wakaingiza kiitikio cha wimbo mmojawapo wa kale wa aina hiyo. Gari la mbinguni likawa chombo cha anga, na katika maonyesho yao chombo hicho kilishuka kweli jukwaani kwa moshi na taa. Hawakubuni kitu kutoka hewani. Waliendeleza tamathali ya mababu kwa vifaa vya wakati wao.

Na nyuma ya gari na safina ipo meli. Mababu wa watu hawa walishawahi kuchukuliwa na viumbe wageni, wakaingizwa katika chombo wasichokijua, wakavushwa anga la maji, wakafanyiwa majaribio, wakanyang'anywa lugha na majina. Greg Tate alisema katika mahojiano yale ya 1993 jambo linalokaribiana na hili: kuwa mweusi Marekani ni kuishi tayari ndani ya hadithi ya sayansi ya kubuni. Ukilielewa hilo, Sun Ra haonekani tena kama mtoro. Alichofanya ni kuichukua meli na kuigeuza usukani.

Dumas, na risasi ya 1968

Mshairi aliyemwelewa mapema ni Henry Dumas. Alizaliwa Arkansas mwaka 1934, akakulia humo kwenye nyimbo za kanisa na za mashambani kabla ya kuhamia Harlem. Mwaka 1966 Sun Ra alikuwa akipiga katika klabu moja ya New York iliyoitwa Slug's, na Dumas alimhoji huko. Mazungumzo yao yalirekodiwa. Katika kazi za Dumas, safina, mifupa, mto na ngoma vinakaa pamoja, na wakati hauendi kwa mstari ulionyooka. Hadithi yake maarufu, Ark of Bones, inahusu safina inayobeba mifupa ya watu weusi.

Tarehe 23 Mei 1968 Dumas alipigwa risasi na polisi katika kituo cha treni ya chini ya ardhi huko Harlem. Alikuwa na umri wa miaka 33. Vitabu vyake vyote vilitoka baada ya kifo chake, kwa juhudi za mshairi Eugene Redmond na za Toni Morrison, ambaye wakati huo alikuwa mhariri Random House.

Nimekitaja kifo hicho kwa sababu ndicho kinachoonyesha uzito wa suala hili. Tukisema kwamba washairi hawa walikuwa wakicheza na nyota, tukumbuke kuwa kwao kesho haikuwa kitu cha kudhaniwa tu kuwa ipo. Ilibidi itungwe.

Wala si wote waliotazama juu kwa matumaini. Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, Mchungaji Ralph Abernathy aliongoza maandamano ya maskini hadi Cape Kennedy, akiwa na nyumbu wakivuta mkokoteni. Mwaka uliofuata kijana wa miaka 21, Gil Scott-Heron, alitoa Small Talk at 125th and Lenox, na humo mna shairi la Whitey on the Moon, ambalo analisema juu ya ngoma. Hoja yake ni rahisi na inauma: nani analipa gharama ya safari hii, na nani anabaki na panya nyumbani? Mwezi ni uleule, ngoma ni ileile ya Kiafrika, ila jicho ni jingine. Mimi sioni mgongano kati yake na Sun Ra. Mmoja anauliza kwa nini hatumo kwenye chombo, mwingine ameshajenga cha kwake.

Kiswahili kwenye chombo

Hapa ndipo sisi tunapoingia. Septemba 1966 tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani, na ndani ya chombo chake cha anga alikuwamo afisa mwanamke mweusi, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru, na lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Katika sehemu moja ya mwaka 1967 kumbukumbu zake zinafutwa, na kinachomtoka kinywani ni Kiswahili. Yaani watu wa televisheni walipowazia karne ya 23, Kiswahili kilikuwamo.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1966, Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na nguzo zake saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Falsafa yake aliiita Kawaida. Mshairi LeRoi Jones, ambaye Arkestra ilishirikiana naye Harlem mwaka 1965 katika shule yake ya sanaa, akawa Imamu Amiri Baraka. Mwanzoni mwa miaka ya 70 mshairi Don L. Lee wa Chicago akawa Haki Madhubuti. Huko New Orleans, Vallery Ferdinand akawa Kalamu ya Salaam.

Wapo wanaolicheka jambo hili. Wanasema: mababu wa Wamarekani Weusi walitoka zaidi Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, sasa Kiswahili chawahusu nini? Kihistoria pingamizi hilo lina ukweli mkubwa. Lakini kwangu mimi ndilo linalothibitisha hoja. Kama walikuwa wanatafuta lugha ya babu, walikosea bandari. Ila kama walikuwa wanatafuta lugha isiyo ya kabila moja, lugha ya nchi huru iliyokuwa ikitangaza ujamaa na kuhifadhi wapigania uhuru wa kusini, hapo walijua walichokifanya. Waliichagua lugha kwa sababu ya inakokwenda.

Majina ya bendi

Ushahidi mzuri zaidi uko kwa mpiga piano Herbie Hancock. Mwaka 1970 ilitoka albamu ya mpiga ngoma Albert Heath, Kawaida, ambayo Hancock alishiriki. Nyimbo zake zina majina kama Dunia na Maulana. Humo alikuwamo mpwa wa Heath, James Mtume, mfuasi wa Karenga, na kupitia kwake majina ya Kiswahili yakawaingia wanamuziki. Kundi la Hancock likaja kuitwa Mwandishi, na likatoa Mwandishi (1971), Crossings (1972) na Sextant (1973). Hancock ndiye Mwandishi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Julian Priester wa trombone ni Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na jina hili lilimkaa sawasawa kwa sababu alikuwa daktari wa kweli, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1968.

Nilipomsomea orodha hii mwenzangu mmoja wa bwenini alicheka hadi akakaa chini. Pepo Mtoto! Kwetu jina hilo ungelipeleka kwa mganga, Mganga mwenyewe akiwa yupo palepale. Na jina la Mtume, jamani, pwani yetu lingezua maneno. Lakini tukimaliza kucheka tutazame majina mawili kwa jicho la kifasihi.

La kwanza ni Mchezaji. Ni wazi lilitafutwa kwenye kamusi. Kiingereza kinasema mtu "anacheza" besi, lakini kwetu besi hupigwa. Anayecheza ni mwana mpira au aliyeko uwanjani akisakata ngoma. La pili ni Mwandishi, kwa maana ya mtu anayeandika muziki. Kwetu huyo si mwandishi. Ni mtunzi. Na neno mtunzi ni hazina ambayo Hancock aliikosa kwa bahati mbaya, kwa maana halibagui: Shaaban Robert ni mtunzi, na Mbaraka Mwinshehe ni mtunzi. Kile ambacho washairi wa Harlem na Chicago walikipigania kwa miaka, yaani kuvunja ukuta kati ya shairi na muziki, sisi tunacho ndani ya neno moja la kila siku, na hatukifanyii kitu.

Sikiliza kipande cha kwanza cha albamu ya Mwandishi, kile alichomtungia Angela Davis, ambaye kilipokuwa kikirekodiwa, siku ya mwisho ya mwaka 1970, alikuwa mahabusu. Besi inarudia duru ya mapigo 15, tena na tena. Mtu aliyelelewa na shairi letu la mizani 8 kwa 8 ataihesabu 16 bila kutaka, na kila duru atajikuta amedondoka mahali ambapo pigo la 16 halipo. Mara ya kwanza nilidhani nimehesabu vibaya. Kumbe pengo ndilo umbo lenyewe. Arudhi ipo, tena kali, ila imekatwa mahali pamoja, na hapo ndipo mtu aliyefungwa anaposikika. Mwanamapokeo na mwanamabadiliko wangeweza kukaa meza moja na kuisikiliza duru ile, na kila mmoja angepata chake.

Bendi hiyo haikudumu. Gharama zilizidi mapato, na mwaka 1973 Hancock aliivunja akaenda kwenye muziki uliouzika zaidi. Tusisahau upande huo wa uchumi tunapozungumzia maono.

Tusisahau pia udhaifu wa ndani. Kawaida iliwaweka wanawake nyuma ya wanaume, na Baraka mwenyewe baadaye aliikosoa. Juni 1974 alikuja Dar es Salaam kwenye Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, uliofanyika katika Ukumbi wa Nkrumah, huu tunaoupita kila siku kwenda maktaba. Mwaka huohuo alitangaza kuuacha utaifa wa kitamaduni na kufuata Umarx. Ni mwaka uleule wa Kichomi. Watu wa huko walikuwa wanaibeba lugha yetu kwenda mbele, na sisi tulikuwa hapa tunabishana kuhusu vina.

Washairi wa leo

Wamekopa nini basi washairi wa sasa? Tuchukue mifano michache.

Mwaka 1997 kundi la muziki wa elektroniki la Detroit, Drexciya, lilitoa The Quest. Muziki wake hauna maelezo mengi ya maneno, lakini karatasi ya ndani ina hadithi: wanawake wajawazito waliotupwa baharini kutoka meli za watumwa walizaa watoto waliojua kuvuta pumzi majini. Hadithi hiyo imejengwa juu ya unyama uliotokea kweli. Mwaka 1781 mabaharia wa meli Zong waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130, kisha wenye meli wakaenda mahakamani kudai bima. Mwaka 2017 kundi la rap la clipping. liliitungia hadithi ya Drexciya wimbo, The Deep, na mwaka 2019 Rivers Solomon akaiandikia riwaya ya jina hilohilo. Tazama njia ilivyopita: kesi ya bima, karatasi ya santuri, wimbo, kitabu. Kila mmoja alipokea akaongeza, kama watu wa kijiji kimoja wanaopokezana ngano.

Camae Ayewa wa Philadelphia, anayejiita Moor Mother, alitoa Fetish Bones mwaka 2016 kama albamu na kama kitabu cha mashairi kwa pamoja. Sauti yake inapita juu ya kelele za mashine, na matukio ya karne mbili yanagongana kana kwamba yametokea jana. Hiyo ni mbinu ya Dumas: wakati usionyooka. Eve Ewing wa Chicago, katika Electric Arches (2017), anasimulia upya matukio ya ubaguzi, na mahali ambapo uhalisia ungemdhalilisha msimulizi, chapa ya kitabu inageuka kuwa mwandiko wa mkono na jambo la ajabu linatokea. Tracy K. Smith, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2012 kwa Life on Mars, alimsikiliza David Bowie, Mwingereza mweupe, na kuviunganisha vyombo vya anga na maombolezo ya baba yake, aliyekuwa mhandisi wa darubini ya Hubble. Kwa hiyo si kila nyota ni ya Sun Ra, na uhakiki wetu usiwe wa kubandika lebo kwa kuangalia rangi ya mtunzi.

Ukiwalinganisha hawa utaona kuwa walio imara si waliojaza sayari kwenye beti. Ni wale waliojifunza kutoka kwenye muziki namna ya kurudia, kukata, kuchelewesha pigo na kurudisha sauti ya aliyekufa.

Tamati

Mwandishi wa Kimarekani mwenye asili ya Nigeria, Nnedi Okorafor, alipendekeza mwaka 2019 neno jingine kwa kazi zinazoanzia Afrika yenyewe badala ya Marekani. Namwelewa. Kesho ya Temeke au ya Kisumu haiwezi kuazimwa kutoka Detroit. Na njia haiko tupu: Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya sayansi ya kubuni mwaka 2009, kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye isiyo na maji, na akaipa jina la neno moja, Pumzi.

Kwa wenzangu wanaotunga, nina ombi. Tunapofundishwa kuwa Kiswahili ni urithi, ni kweli, lakini urithi peke yake unaweza kuwa sanduku lililofungwa. Watu waliokinyimwa kila kitu, hata majina, walilifungua sanduku hilo wakatoa humo maneno ya kwenda nayo mbele, mengine wakayashika kichwa chini miguu juu. Sisi tunayajua maneno hayo kwa sauti ya mama zetu. Tunayo taarabu, tunao utenzi unaoghanwa, tuna bongofleva inayopigwa kwenye kila daladala. Hebu mmoja wetu achukue mizani 16, aiondoe moja mahali panapouma, atuambie ni nani aliyekosekana hapo.